Wetherspoon au Mitchells & Butlers: ukiwa Uingereza ule wapi, ufanye kazi wapi, na kama una hela ya hisa uiweke wapi

Mtu akitua Uingereza, awe mwanafunzi au amekuja kwa ndugu, hamalizi wiki atakuwa kashaambiwa na mmoja "twende Spoons", yaani Wetherspoon, na mwingine kamwambia Jumapili lazima aende Toby Carvery akaone watu wanavyopanga sahani. Yeye anaona ni migahawa miwili tu anachagua, kumbe nyuma yake kuna kampuni mbili zilizozaliwa kivingine kabisa, na ukishajua zimezaliwaje basi bei, menyu, mpaka jinsi utakavyopewa zamu za kazi huko, vyote vinaanza kueleweka. Ndio maana mimi mtu akiniuliza ipi bora huwa naanza na historia, wengine wanachoka lakini wavumilie kidogo.

Tuanze na Mitchells & Butlers kwa sababu ndio ngumu. Jina hili hulioni kwenye kibao cha pabu, yaani baa ya Kiingereza. Unaona Toby Carvery, Harvester, Miller & Carter, All Bar One, O'Neill's, Nicholson's, Ember Inns, Sizzling, Vintage Inns, Browns, na wote hao ni mtu mmoja, pabu na migahawa kama 1,700 hivi, makao makuu Birmingham. Unaweza ukala Harvester Jumamosi ukaapa hurudi tena, Jumapili ukaenda Toby kwa hasira, na hela yako yote imeingia mfuko uleule.

Asili yake ni wapika bia wawili, Henry Mitchell na William Butler, walioungana mwaka 1898, na kiwanda chao kikawa Cape Hill pale Smethwick, pembeni ya Birmingham. Enzi hizo mpika bia ndiye mwenye pabu, anapika na anamiliki sehemu ya kuuzia, na mwendesha pabu analazimika kununua bia kwake tu. Mwaka 1961 wakaungana na Bass wa Burton, wale wenye pembetatu nyekundu, alama ya biashara ya kwanza kabisa kusajiliwa Uingereza, mwaka 1876. Mwaka 1967 wakaungana tena na Charrington wa London, ikawa Bass Charrington, dude kubwa lenye pabu maelfu. Jina la Mitchells & Butlers likazama humo ndani, likabaki kwenye vibao na bia za Birmingham tu.

Halafu ikaja 1989, na huu mwaka naomba uushike maana ndio unaogawa hadithi nzima. Serikali ya Thatcher ilipokea ripoti ya tume ya ushindani iliyosema wapika bia wakubwa wamelishika soko kooni, ikatoa amri: mpika bia mwenye pabu zaidi ya 2,000, nusu ya zile zinazozidi hapo lazima aziachie, na muda ni mpaka 1992. Bass peke yake alikuwa na zaidi ya 7,000. Piga hesabu mwenyewe. Pabu zikaanza kumwagwa sokoni kwa mamia, wakatokea wanunuzi wapya ambao hawajawahi kupika hata lita moja ya bia, wanamiliki majengo na kukusanya kodi basi. Lengo la serikali lilikuwa kumpa mnywaji uhuru, matokeo yake yakawa mabwana wapya wenye madeni. Hapo kila mtu ana maoni yake, mimi naona amri ilikuwa na nia nzuri ila walioiandika hawakufikiria nani ana hela ya kununua pabu elfu moja kwa mkupuo. Jibu ni benki.

Bass wao wakaona bia sio mahali pa kubaki. Walishaanza kununua Holiday Inn kati ya 1988 na 1990, wakaongeza InterContinental mwaka 1998, ndio hiyohiyo ya ile hoteli ya Nairobi iliyofungwa 2020. Upande wa pabu wakaanza kujenga chapa: 1994 wakafungua O'Neill's ya kwanza Aberdeen na All Bar One ya kwanza Sutton, kusini mwa London. Hiyo All Bar One ilipangwa makusudi na madirisha makubwa ili mwanamke aliye peke yake aone ndani kabla ya kuingia, kwa sababu pabu za zamani zilikuwa na vioo vya ukungu hujui unaingia kwenye nini. 1995 wakanunua Harvester kutoka kwa Forte. Mwaka 1999 wakabeba mamia ya pabu za Allied Domecq. Na mwaka 2000 wakafanya jambo ambalo babu zao wangezimia, waliuza upishi wote wa bia kwa Interbrew wa Ubelgiji kwa pauni bilioni 2.3, na jina la Bass likaenda na bia. Kampuni ikabaki haina jina! Wakajiita Six Continents, jina la kampuni ya ndege za mizigo ukiniuliza mimi, na Aprili 2003 wakajigawa mara mbili, hoteli zikawa InterContinental Hotels Group, na pabu zikafufua jina la zamani, Mitchells & Butlers. Kiwanda cha Cape Hill kilikuwa kimefungwa miezi michache tu kabla, mwisho wa 2002. Kwa hiyo jina la wapika bia likarudi hai wakati jiko lao linabomolewa na kujengwa nyumba za watu.

Sasa Wetherspoon. Hapa hadithi ni fupi kwa sababu mhusika ni mmoja. Tim Martin, jamaa mrefu wa futi sita na inchi sita, kasoma sheria Nottingham, akafaulu uwakili ila hakuwahi kusimama mahakamani, mwaka 1979 akachukua pabu ndogo Muswell Hill, kaskazini mwa London. Jina la Wetherspoon alilitoa kwa mwalimu wake wa New Zealand ambaye darasa lilimshinda kulituliza, na ile JD iliyo mbele ya jina rasmi, JD Wetherspoon, ni ya mhusika wa tamthilia ya Kimarekani ya magari, The Dukes of Hazzard, yule bosi mnene wa kaunti. Yaani kampuni yenye pabu kama 800 inaitwa kwa jina la mwalimu aliyeshindwa na watoto.

Martin hakurithi pabu wala kiwanda. Na kwa sababu wapika bia walikuwa wameshika pabu zote nzuri, yeye akaenda kutafuta majengo ambayo sio pabu: maduka yaliyokufa, sehemu za kuonyeshea magari, baadaye mabenki, masinema, posta, makanisa. Anaomba leseni, anageuza. Ile amri ya 1989 iliyomchana Bass yeye ilimpa pumzi, kwa sababu hakufungwa na mpika bia yeyote, ananunua kwa anayempa bei nzuri, na kadri alivyokua ndivyo alivyoweza kumkaba muuzaji. Mwaka 1992 akaingiza kampuni soko la hisa la London. Mpaka leo ana kama robo ya hisa na ni mwenyekiti, na mwaka 2024 kapewa cheo cha Sir.

Kwa hiyo mmoja kazaliwa kwa kugawanya mali ya zamani, mwingine kazaliwa kwa kuokota majengo ambayo wengine hawayataki. Sasa twende kwenye meza.

Kula

Ukiingia Spoons kwanza unakanyaga zulia. Usicheke, kila pabu ina zulia lake lililochorwa kwa ajili yake, mara nyingi michoro inahusiana na historia ya jengo au mtaa, na kuna watu wanazunguka nchi nzima wanapiga picha mazulia tu. Meza ina namba. Unafungua apu yao, waliizindua 2017, unaweka namba ya meza, unaagiza, unalipa, dakika kadhaa mtu anakuja na sahani bila kukuuliza jina. Kuna mpaka mchezo, watu wanatupia namba yao ya meza mtandaoni na wageni wanawatumia vinywaji au bakuli la njegere tupu kwa utani. Muziki hakuna kwenye nyingi, unasikia watu wanaongea. Choo kiko mbali, ngazi juu, kona, ngazi tena, kwa sababu jengo lilikuwa benki au sinema na choo kimewekwa pale palipobaki nafasi, lakini ukifika ni kisafi na wanashinda tuzo za vyoo bora, Loo of the Year.

Chakula chenyewe? Ni cha kawaida. Burger, kari, samaki na chipsi, kifungua kinywa cha Kiingereza kuanzia saa mbili asubuhi kwa hesabu yetu. Hakuna anayeenda kwa sababu mpishi ana mkono, unaenda kwa sababu bei unaijua na haikuvunji. Chai na kahawa unajijazia mwenyewe tena na tena, na kwa mwanafunzi mwenye laptop siku ya mvua hiyo ni ofisi. Ila angalizo, bei za Spoons hazifanani, ya mji mdogo wa kaskazini na ya katikati ya London au uwanja wa ndege ni vitu viwili tofauti, angalia kwenye apu kabla hujaita watu ukajifanya wewe ndio tajiri.

Toby ni kingine. Unakaa kwenye foleni na sahani ya moto mkononi, mbele kuna mtu na kisu kirefu na vipande vikubwa vya nyama vimewashiwa taa ya joto, bata mzinga, ng'ombe, nguruwe, gammon (paja la nguruwe lililotiwa chumvi), anakukatia ulivyotaka. Baada ya hapo umeachiwa uwanja: viazi vya kuoka, viazi vya kuponda, karoti, njegere, kabichi, Yorkshire pudding kama kibakuli cha andazi, na mchuzi mzito wa kahawia unaumwagia wewe. Nyama anagawa yeye, mboga unajipakulia, na hapo ndipo biashara yao ilipo kwa sababu ghali ni nyama na viazi ni rahisi, wewe unajiona umewapiga na sahani imejaa mlima, wao wanajua gramu za nyama ulizobeba. Harvester mantiki ni hiyohiyo, saladi unarudia bure ukiagiza chakula kikubwa. Miller & Carter ni steki, hapo hela inatoka, peleka mtu unayetaka akukumbuke. Nicholson's ni pabu za kihistoria, nyingi London, mgeni wako akitaka kuona pabu ya kwenye kadi za posta mpeleke Blackfriar, ukutani kuna watawa wa shaba na marumaru wanavua samaki na kuimba, mapambo hayo yamekaa pale tangu mwanzo wa karne iliyopita.

Kwa majengo lakini Spoons nao wana lao. Tunbridge Wells wamekaa ndani ya opera house nzima, unakula chipsi ukiwa umezungukwa na mabalkoni ya tamthilia. Edinburgh wana sinema ya zamani, Ramsgate wana banda kubwa la ufukweni ambalo ndio pabu yao kubwa kuliko zote. Mimi kwenye hili nawapa Spoons, kwa sababu Nicholson's walirithiwa hivyo hivyo vizuri, wale wengine waliokolewa.

Kwa wale wasiokunywa, hii ni muhimu kwa watu wetu wengi wa pwani: pabu ya Uingereza sio lazima unywe, mtu anakaa na kahawa yake au soda na hakuna anayemshangaa, familia zinaingia na watoto mchana. Ila ukitaka halali usidhanie, uliza pale pale pabu unayokwenda, na Toby hasa ujue nguruwe na ng'ombe wamekaa kaunta moja chini ya taa moja. Wengi wanaishia samaki au mboga na mambo yanakwenda.

Kwa hiyo kama wewe ni mmoja au wawili, mfuko mwembamba, unataka kukaa saa tatu: Spoons bila kufikiri. Kama ni familia, mama mkwe kaja kutoka Tanga, watoto, siku ya Jumapili, unataka meza iliyobukiwa: Toby au Harvester. Spoons siku za wikendi jioni na watoto ni kuzungukazunguka kutafuta meza na saa inafika watoto wanatakiwa watoke.

Kazi

Hapa wanafunzi wasome vizuri. Ukiwa na viza ya mwanafunzi wa digrii mwisho wako ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, pabu zote zinajua na zina zamu za jioni na wikendi zinazoingia humo. Mshahara wa kuanzia kwote kwote unazunguka karibu na kima cha chini cha kisheria kwa hiyo usichague kwa hiyo. Chagua kwa aina ya kazi.

Spoons kazi ni mbio. Apu inamwaga oda, tiketi zinatoka, wewe unabeba sahani tatu unatafuta meza namba 84 ghorofa ya pili. Mteja hakuongeleshi sana kwa sababu ameshalipa na simu yake, na kwa sababu hiyo bakshishi ni ndogo. Wana utaratibu wa muda mrefu wa kuwapa wafanyakazi bonasi na hisa za bure ukishakaa, na mameneja wengi walianzia kaunta, hilo wanasifika nalo na ni kweli. Kwa upande mwingine kuna Machi 2020. Serikali ilipofunga pabu zote, Tim Martin alitoka kwenye video akiwaambia wafanyakazi wake zaidi ya 40,000 kwamba supamaketi zinaajiri, na mtu akipata kazi Tesco ataelewa, na malipo yatakayofuata yasubiri mpango wa serikali. Watu waliwaka. Baadaye walilipwa kupitia huo mpango, lakini kuna watu mpaka leo hawaingii Spoons kwa sababu ya ile video, na wengine hawaingii kwa sababu ya Brexit, maana jamaa alichapisha malaki ya vikaratasi vya kuwekea glasi vya kampeni ya kutoka Umoja wa Ulaya. Bosi mmoja, mdomo mmoja, faida yake na hasara yake ndio hiyo.

Mitchells & Butlers (M&B) kazi inategemea umeangukia wapi. Miller & Carter au Browns unajifunza kuhudumia meza, kuelezea nyama, kuuza mvinyo, na bakshishi ipo, na tangu Oktoba 2024 sheria inamlazimisha mwajiri apitishe bakshishi yote kwa wafanyakazi bila kukata. Toby ya barabarani nje ya mji hiyo angalia usafiri kwanza, nyingi zimejengwa kwa watu wenye magari, ukitoka zamu saa tano usiku basi la mwisho limeshaondoka na teksi inakula zamu nzima. Jikoni kwao kuna mafunzo ya upishi ya kueleweka, kwa anayetaka ufundi wa jiko ningesema huko, kwa anayetaka tu saa 20 zake na aende zake darasani ningesema Spoons ya karibu na chuo.

Halafu kuna jambo la Aprili 2025 ambalo limegusa wote wawili. Mchango wa bima ya taifa anaolipa mwajiri ulipanda kutoka 13.8% hadi 15%, na mbaya zaidi unaanza kuhesabiwa kwenye mshahara wa pauni 5,000 kwa mwaka badala ya 9,100. Maana yake yule mfanyakazi wa saa chache, ambaye zamani alimgharimu mwajiri kidogo sana, sasa analipiwa. Ukiona pabu zinabana saa na kupunguza watu wa jioni za Jumanne, sababu kubwa ndio hiyo.

Hisa

Hapa sikushauri uweke hela, nakueleza tu nani ameshika usukani.

Wetherspoon ni ya Martin. Sio kwa wingi wa hisa, ana robo, ila kwa maana kampuni inaongea kwa sauti yake. Ukisoma taarifa zao za fedha unakutana na kurasa za malalamiko kwamba supamaketi halilipi VAT kwenye chakula na pabu inalipa 20%, na mimi naona ana hoja, ila ukishaisoma mara ya kumi unaanza kuruka. Alichokifanya kimyakimya na cha akili zaidi ni kununua majengo. Zamani pabu nyingi zilikuwa za kupanga, kwa miaka zaidi ya kumi amekuwa akinunua zile anazopanga na kuuza au kuachia ndogo zisizolipa, ndio maana idadi imeshuka kutoka zaidi ya 950 katikati ya miaka ya 2010 hadi kama 800, huku mauzo kwa kila pabu yakipanda. Mtu akikuambia Spoons inakufa kwa sababu zimefungwa 150 muonyeshe hiyo. Gawio lilikatika Covid, likarudi 2024.

M&B ni hadithi ya watu wanaogombana kwenye bodi. Mwaka ule ule wa kuzaliwa, 2003, walikopa pauni bilioni 1.9 kwa dhamana zilizofungwa kwenye pabu zenyewe, deni la miaka mingi linalolipwa polepole. 2006 wakanunua pabu za migahawa 239 kutoka kwa Whitbread kwa pauni milioni 497. Halafu likaja balaa. Mfanyabiashara Robert Tchenguiz, aliyekuwa na hisa nyingi, alisukuma majengo yahamishiwe kwenye kampuni ya ubia na kukopewa mabilioni. Kabla mkopo haujasainiwa, M&B wakaingia mikataba ya kujikinga na kupanda kwa riba. Katikati ya 2007 mabenki yakaacha kukopesha, ubia ukafa, riba ikageuka, na ile mikataba ikabaki mikononi mwao ikiwadai. Walipoifunga mwanzoni mwa 2008 hasara ilikuwa mamia ya mamilioni ya pauni, kwa kujikinga na mkopo ambao haukuwahi kuwepo. Mkuu wa fedha akaondoka, mkurugenzi mkuu naye akafuata mwaka uliofuata, Januari 2010 wanahisa wakamtoa mwenyekiti kwenye mkutano. Mwaka huohuo wakauza pabu 333 kwa pauni milioni 373, na aliyenunua akaanzisha Stonegate, ambao leo wana pabu nyingi kuliko wao. Ndio hivyo.

Na walionunua hisa wakati wa vurugu ni akina nani? Hapa wapenzi wa mpira mkae vizuri. Mmoja ni Joe Lewis, yule wa Tottenham. Wengine ni John Magnier na J.P. McManus, matajiri wa Ireland wa mbio za farasi, ndio haohao waliokuwa na hisa za Manchester United, wakakorofishana na Ferguson juu ya farasi Rock of Gibraltar, wakawauzia akina Glazer mwaka 2005. Yaani hela iliyoleta Glazer Old Trafford ina undugu na mchuzi wa Toby Carvery. Lewis alijaribu kuinunua M&B yote mwaka 2011 akakataliwa bei. Covid ilipopiga, mwanzoni mwa 2021 kampuni ikaomba pauni milioni 350 hivi kwa wanahisa, hawa matajiri wakaunganisha hisa zao kwenye kampuni moja inayoitwa Odyzean na sasa wana zaidi ya nusu. Mwenye hisa mdogo humo ndani ni abiria. Gawio halijalipwa miaka mingi, hela inakwenda kwenye deni, pensheni za zamani na kukarabati. Ukweli usemwe, tangu Phil Urban achukue ukurugenzi 2015 kelele zimeisha na pabu zinafanya biashara, majengo mengi ni mali yao, na lile deni la 2003 linazidi kupungua. Kelele iliyobaki ni kama ile ya Aprili 2025, mafundi wao walipokata mwaloni wa mamia ya miaka pembeni ya Toby ya Whitewebbs, Enfield, wakidai unaweza kuangukia watu, na nchi nzima ikawashukia mpaka mkurugenzi akaomba radhi.

Kwa hiyo kwenye hisa: unataka kampuni unayoielewa kwa kusoma barua ya mtu mmoja na uko tayari kwa vituko vyake, ni Wetherspoon. Unaamini majengo yao yana thamani kuliko soko linavyosema na una subira ya kungoja matajiri watatu waamue, ni M&B.

Wengine je? Greene King, wapika bia wenye pabu wa Bury St Edmunds, tangu 1799, waliuzwa 2019 kwa kampuni ya Li Ka-shing wa Hong Kong kwa pauni bilioni 2.7, hisa zao hununui tena London. Mwanzilishi wake Benjamin Greene alikuwa na mashamba ya watumwa Karibi na akalipwa fidia utumwa ulipokomeshwa, yeye, sio watumwa. Kampuni iliomba radhi 2020 na mwaka uliofuata ikabadilisha majina ya pabu nne, tatu zikiitwa Black Boy. Kwa kula, Hungry Horse yao ni sahani kubwa bei ndogo, mshindani wa kweli wa Spoons kwa mwenye watoto.

Bado kuna swali moja ambalo Waafrika Mashariki tunaulizana kuliko yote hayo, mpira tunaangalia wapi. Spoons sahau mechi za kulipia za Ligi Kuu, labda Kombe la Dunia kwenye chaneli za bure. Nenda O'Neill's au Sizzling za M&B, au pabu za michezo za Stonegate, na kama ni Arsenal na Man United piga simu uweke meza mapema, waambie mko wangapi, maana wakikubali watu sita mkaja kumi na tano mlangoni kuna baunsa.